Upindo wa Pazia la Saba

Mikono ilikuwa bado wazi pale pale tulipoiacha Jumamosi, msomaji wangu, na kama hukula vizuri wiki nzima, lawama niachie mimi.

Kwa wewe uliyeazima gazeti la jirani leo kwa mara ya kwanza, nitakuchukua mbio mbio, maana saa kumi jioni milango ya ghala inafunguliwa na sasa hivi ni saa tisa kasoro.

Ghala lenyewe lilikuwa la magunia. Sasa limegeuzwa maonyesho. Ndani yametundikwa mapazia tisa ya shashi nyeupe kutoka kwenye boriti hadi sakafuni, na juu ya kila pazia projekta inamwaga picha kuukuu ya sarakasi iliyopigwa miaka arobaini na nne iliyopita. Picha hizo hazitulii. Kompyuta imezifundisha kutembea. Farasi anapiga kwato, mchekeshaji anajipangusa jasho la mwaka ule, kamba zinacheza, na wewe mtazamaji unapita katikati yao mwanga wao ukikuchezea usoni.

Mapazia yote tisa yameshonwa na mwanamke wa miaka hamsini ambaye mtaa mzima unamwita Fundi Pazia. Na yule anayeruka kwenye pazia la saba, mwembamba, mwenye vazi la nyota, ni marehemu mama yake.

Jumamosi tulimwacha amesimama peke yake mbele ya pazia hilo, akiliona limewashwa kwa mara ya kwanza. Spika zikatoa makofi mawili. Makofi hayo ni ya mdakaji, yule mwanamume anayening'inia kichwa chini kwenye bembea ya pili, na kwa watu wa hema yalikuwa amri. Yakishalia, hakuna kukohoa. Mchekeshaji anameza mzaha wake katikati. Na hakuna, hakuna kabisa, kumwita mrukaji kwa jina.

Makofi yakalia, mama akaachia bembea yake, akaelea. Mikono ya mdakaji ikafunguka. Mama akaenda chini.

Fundi Pazia akageuka akimbie. Nyuma yake alikuwa amesimama mdakaji mwenyewe, mzee wa mvi, kofia mkononi.

Baba yake.

Hakumwamkia. Adabu zote alizolelewa nazo, shikamoo anazowapa hata wazoa takataka wa umri wa mzee huyu, zote zilimkwama kooni.

“Umenenepa kidogo,” mzee akasema. “Siku ya harusi yako ulikuwa ufito.”

“Hukuja harusini kwangu.”

“Nilifika getini.”

“Najua ulifika getini. Mimi ndiye niliyeagiza ufukuzwe.”

“Najua,” mzee akasema. “Yule mlinzi aliniomba radhi sana. Akanipa na kiti.”

Fundi Pazia alikuwa na pini nne kwenye kola na tepu ya kupimia shingoni, miwani imemshuka puani, na alitamani angalau awe amevaa vizuri kwa ajili ya siku hii. Aliifanyia mazoezi tangu ana miaka saba.

“Usiniletee habari za viti. Nina swali moja. Nijibu, halafu urudi ulikotoka. Ulimwachia mama, au hukumwachia?”

Makofi mawili tena. Picha ile inajirudia kila baada ya dakika mbili, na hakuna aliyekuwa amekumbuka kuizima. Nyuma ya bega la binti yake, mzee alimtazama mkewe akiachia bembea, akielea, akienda.

“Nilimwachia,” akasema.

Basi. Neno lenyewe hilo, alilolisubiri miaka arobaini na nne. Fundi Pazia alikuwa na uhakika kwamba siku atakapolisikia kutoka kinywani mwake, kitu fulani kifuani kitashuka. Hakikushuka kitu. Aliona tu mzee mwenye viatu vilivyopigwa kiraka vizuri, na mtu anayejipiga viatu kiraka vizuri hivyo huwa anaishi peke yake.

“Mzee, mbona unajisingizia?”

Sauti ilitoka juu. Kwenye ngazi ya projekta alikuwa amekaa yule binti msanii, mwenye maonyesho, waya begani na bisibisi aliyoitoa mdomoni ili aongee. Amesikia yote.

“Binti, haya ni ya ukoo,” mzee akamwambia.

“Ya ukoo, sawa, naomba radhi.” Akaanza kushuka, miguu peku. “Lakini mwezi mzima umenikalia kichwani na unga wa chaki. Unga, unga, unga. Nimefuta kazi ya wiki mbili kwa ajili ya unga wako.”

“Unga gani?” Fundi Pazia akauliza.

“Mdakaji anajipaka chaki viganjani ili mrukaji asimteleze. Akishamshika vifundo vya mikono, chaki inahama. Inafutika, inabaki michirizi. Mimi nilikuwa sijui. Nikamchora mdakaji wa pazia la nne ana viganja vyeupe baada ya kudaka, mzee huyu akanicheka mpaka akakaa chini. Akaniambia, binti, mkono mweupe ni mkono ambao haujashika mtu.”

Msanii akabonyeza rimoti. Pazia la saba likaganda palepale pa kuumiza: mikono miwili ya mdakaji, wazi, mikubwa, kila kidole kirefu kama mtu.

Ilikuwa myeupe. Myeupe kiganja kizima, mpaka ncha za vidole.

“Basi mimi najiuliza,” msanii akasema, sauti imeshuka sasa, “alimwachiaje mtu ambaye hakumshika?”

Hapa lazima nikupe jambo moja la nyuma, msomaji, usininunie. Fundi Pazia hakulelewa na baba. Wiki ile ile ya maziko alichukuliwa na Mjomba, kaka mkubwa wa mama, aliyekuwa mpiga picha wa sarakasi. Mjomba alimlisha, akamsomesha, akamnunulia cherehani ya kwanza, akamshika mkono siku ya harusi. Picha zote za maonyesho haya ni zake. Na kila Fundi Pazia alipouliza habari za baba, Mjomba alifungua droo, akatoa picha moja ndogo ya mikono. “Angalia, mwanangu,” alikuwa akisema. “Imefunguka. Picha haiongopi.”

Picha ile ilikuwa na ukubwa wa kiganja cha mtoto. Chaki ungeionea wapi?

Fundi Pazia akalisogelea pazia, akaweka mkono wake juu ya mkono wa mwanga.

“Kwa nini umesema ulimwachia?”

“Mimi nilikuwa mdakaji,” mzee akasema. “Mrukaji akifika chini, mdakaji ndiye aliyemwachia. Ndivyo tulivyokuwa tunahesabu.”

“Hilo silo jibu. Unamficha nani?”

Mzee akaishika kofia yake kwa mikono miwili, akaanza kuizungusha.

Macho ya Fundi Pazia yakashuka. Mikono, kamba, giza, halafu chini kabisa, upindo.

Huo upindo ulikuwa umemkera wiki tatu. Mapazia manane yana upindo wa vidole vitatu kama pazia lolote la heshima. La saba peke yake liliandikiwa kwenye karatasi ya maelekezo: likunjwe kwa mbele, juu hadi kiunoni mwa mtu, na lifunikwe kitambaa cheusi. Alibishana. Alisema shashi ikikunjwa hivyo inavimba na haining'inii vizuri, na mweusi ule utameza mwanga wote wa chini. Akajibiwa, mshauri ndivyo anavyotaka. Akashona huku anasonya.

“Mshauri wako ni nani?” akamuuliza msanii, ingawa alishajua.

Msanii akamtazama mzee. “Ndiye huyu hapa.”

“Na kwenye kompyuta yako, hapo chini pana nini?”

“Giza. Taa zao zote zilielekea juu. Kuna doa moja tu, hivi, kama ukucha. Mzee alisema karatasi ya picha ilikuwa na kasoro, nisijisumbue. Sikuligusa.”

Fundi Pazia akachomoa mkasi kwenye mfuko wa aproni.

Mara mzee wa miaka sabini na sita, goti bovu na yote, akapiga magoti sakafuni na kuukumbatia ule upindo.

“Mwanangu, nimekula chumvi nyingi na sijawahi kukuomba kitu. Hata pale getini sikuomba niingie. Leo nakuomba. Nitukane. Nifukuze. Waambie wageni wote kuwa nilimwachia, nitasimama hapo nikubali. Hapa usifumue.”

“Kuna nani hapo chini?”

“Usifumue.”

“Mwanamke wako? Ndiye aliyekuwepo, eh? Mama alimwona?”

Mzee akafumba macho. Hakusema ndiyo, hakusema hapana, na mwanamke aliyelelewa kumchukia mtu mmoja maisha yake yote hakuhitaji zaidi ya hapo.

Akamsogeza. Alishangaa jinsi alivyokuwa mwepesi. Akakaa kitako, akatafuta fundo la mwanzo. Fundi aliyeshona kwa mkono wake anajua uzi wa kuvuta, na yeye hakufika hata mshono wa kumi. Alikata, akazungusha uzi kidoleni, akavuta mara moja kwa hasira za tangu utotoni. Upindo mzima ukaachia, kitambaa cheusi kikadondoka, na shashi nyeupe ikashuka mpaka chini ikamfunika miguu.

“Washa,” akasema.

“Shangazi, labda tusubiri kidogo,” msanii akasema.

“Nimesema washa!”

Makofi mawili.

Mama akaachia bembea. Akaelea, mikono mbele, uso umeelekea kwa mumewe. Halafu, kama siku zote, uso ule ukageuka na kutazama chini. Watu wote walioiona picha hii walidhani anaitazama ardhi. Sasa mwanga ulikuwa umefika ardhini, na kilichokuwa giza kwenye kioo kidogo cha kompyuta kikaonekana kwa ukubwa wa mtu.

Kulikuwa na maranda. Kulikuwa na ndoo. Na karibu na ndoo alikuwa amesimama mtoto wa kike.

Huko juu kila kitu kilikuwa kinakwenda, kamba, bembea, vazi la nyota. Mtoto peke yake hakutikisika, kwa sababu kompyuta haikufundishwa habari zake. Alisimama na kiatu kimoja. Mdomo wake ulikuwa wazi kabisa, na mkono wa kulia ameunyoosha juu, vidole viwili vimeshika kitu kidogo cheupe.

Fundi Pazia alilitambua gauni kabla ya sura. Gauni la mistari mipana, lililoshonwa kwa mabaki ya hema. Lilibaki kwenye sanduku la Mjomba miaka mingi, na kwa kulifumua na kulirudishia mishono yake ndivyo alivyojifunza kushona.

Katikati ya mdomo ule uliofunguka kulikuwa na pengo.

Mapazia mengine manane yaliendelea na sarakasi zao. Farasi wakazunguka. Mahali fulani mchekeshaji akaanguka na umati wa spika ukacheka.

“Jino,” akasema.

Kila mtu ana hadithi ya jino lake la kwanza. Yeye yake aliwasimulia wanawe mara nyingi, na wao walikuwa wakiipenda: jinsi lilivyotoka, jinsi alivyokimbia hemani kulionyesha, jinsi lilivyopotea kwenye maranda asilipate tena. Alijua ilikuwa siku ile. Siku zote alijua kwamba ni siku ile mama alipokufa, lakini kichwani mwake yalikaa mbalimbali, jino huku na msiba kule, kama watu wawili wasiofahamiana.

“Nilipiga kelele,” akasema.

“Ulikuwa na miaka sita,” mzee akasema, bado yuko magotini.

“Makofi yalikuwa yameshalia, na mimi nikamwita.”

“Ulikuwa na miaka sita na jino mkononi.”

“Akanigeukia.”

“Akakugeukia.” Mzee akajipangusa uso kwa kofia. “Mama gani asingegeuka? Vidole vyake vilipita chini ya vyangu kwa hivi.” Akaonyesha shubiri moja. “Sikumgusa. Nimeota mara nyingi namgusa.”

Sitakuficha, msomaji. Sehemu hii nimeiandika mara nne na mhariri amenipigia simu mara mbili kuuliza iko wapi. Nilikuwa natafuta njia ya kumwepusha. Sikuipata. Fundi Pazia aliangukia kwenye shashi aliyoishona mwenyewe akalia kwa sauti ambayo msanii, chini ya ngazi, alijiziba masikio asiisikie. Alilia kama mtoto anavyolia, bila kujali kamasi, mpaka pini moja kwenye kola ikamchoma shingo naye asiihisi. Juu yake, mama yake alikufa mara tatu nyingine kabla msanii hajakumbuka rimoti.

Alipoweza kuongea, aliuliza jambo moja.

“Kwa nini uliacha wanilishe chuki dhidi yako?”

“Wiki ile ulikuwa unamshika kila mtu nguo, unamuuliza nani kamwangusha mama. Mpishi, mchunga farasi, kila mtu. Mjomba wako akakwambia ni mimi. Ukanyamaza, ukala, ukalala. Ulikuwa hujalala siku tatu.” Mzee akainua mabega. “Nikaona, na iwe hivyo. Mimi nina kifua. Wewe ulikuwa huna.”

“Miaka arobaini na nne, baba!”

Lilimtoka lenyewe, hilo la baba. Wote wawili walilisikia, na hakuna aliyethubutu kuligusa.

Mzee akaingiza mkono mfuko wa ndani wa koti, akatoa kiberiti. Sanduku la kiberiti la zamani, karatasi imeng'ofoka, limefungwa kwa mpira. Akalifungua kwa shida. Ndani, juu ya pamba, kulikuwa na jino la mtoto, dogo, la manjano kidogo.

“Nililiokota palepale. Nilishuka kwa kamba, viganja vikachunika, nikamfikia mama yako bado anapumua. Nawe uko kichwani pake unamwonyesha. Ulikuwa hujaelewa kitu. Unamwambia, mama ona, mama ona.”

“Alisema kitu?”

“Alisema.”

“Alisema nini?”

“Walikuwa wamekuondoa. Aliniuliza neno moja tu.” Mzee akamsogezea lile sanduku. “Aliniuliza, limetoka lenyewe, au amelivuta? Maana alikuwa amekukataza usilivute.”

“Ukamjibu nini?”

“Nikamwambia limetoka lenyewe. Akasema, vizuri. Hakusema tena.”

Fundi Pazia alilitazama lile jino kwa muda mrefu. Kisha akakitazama kidole chake, ambako uzi wa upindo ulikuwa bado umezungushwa, umekaza mpaka ncha ya kidole imegeuka rangi.

“Nililivuta,” akasema. “Nilifunga uzi kwenye mlango wa banda, nikalivuta.”

“Najua,” baba yake akasema. “Niliukuta uzi.”

Hapo ndipo moyo wake ulipompasuka kabisa kabisa, na hapo ndipo koo lake lilipofunguka. Akatambaa juu ya shashi mpaka alipokuwa mzee, akashika ile mikono miwili, mizee sasa, haina chaki, akainamisha kichwa.

“Shikamoo, baba.”

Mzee akamshika vifundo vya mikono.

“Marahaba, mwanangu,” akasema. “Marahaba.”

Ningependa kukuacha hapo. Kama ningekuwa mtu mwema ningeweka nukta, tukaachana tunafuta machozi. Lakini ilikuwa imebaki robo saa kufika saa kumi, na Fundi Pazia alikuwa fundi. Jicho la fundi hata likijaa machozi linaona kilichokosekana.

Msanii alikuwa ameirudisha picha mwanzo na kuigandisha, mama bado yuko kwenye bembea yake, salama. Fundi Pazia alimtazama mama, akamtazama mtoto, akatazama nafasi iliyo kati yao. Nguzo mbili zilikuwepo. Kulabu kwenye nguzo zilikuwepo, na kamba zilizolegea zikining'inia kwenye kulabu.

“Baba,” akasema polepole, “picha zote nilizipima mimi. Pazia la nne lina wavu. La tano lina wavu. Mpaka lile la farasi, wavu unaonekana nyuma. Hapa wavu uko wapi?”

Mzee akaichukua kofia yake sakafuni. Akaanza kuizungusha.

Saa moja haikuwa imetimia tangu akutane naye, lakini alishaijua ile kofia. Baba yake akizungusha kofia, kuna mtu anamfichia.

“Mimi nilikuwa na miaka sita, sikushusha wavu. Nani alishusha wavu?”

“Wageni hao,” baba akasema. “Jifute uso.”

Na kweli, milango ya ghala ilikuwa imefunguliwa kabla ya saa. Watu waliingia kwa minong'ono, wamevaa vizuri, nyuso zao zikibadilika rangi kila walipopita chini ya pazia. Mbele yao alitembea mgeni rasmi, mzee wa miaka themanini na mbili mwenye suti ya kijivu na fimbo, na shingoni ile ile kamera yake ya zamani. Mjomba.

Alikuja moja kwa moja pazia la saba, akitabasamu kwa wageni, fimbo inagonga sakafu. Akafika. Akaona kitambaa cheusi chini. Akaona mtoto na ndoo. Tabasamu likabaki limesahaulika usoni.

Hakumtazama Fundi Pazia. Alimtazama shemeji yake.

“Umemwambia?”

“Sikumwambia.”

“Uliapa juu ya kaburi la dada yangu.”

“Nimekwambia sikumwambia. Amefumua mwenyewe.”

Fundi Pazia alisimama. Kila siku ya maisha yake, asubuhi na jioni, hata walipokuwa wamegombana, alimwamkia mzee huyu. Wageni wakasubiri. Yeye mwenyewe alisubiri aone kama shikamoo itatoka. Haikutoka.

“Mjomba, nani alishusha wavu?”

“Mwanangu, pamoja na watu wote hawa?”

“Nani alishusha wavu?”

Mgeni mmoja akainua simu na kuanza kurekodi, maana walikuwa wameambiwa mlangoni kwamba picha za humu zinaishi, na wao wakadhani ndiyo hii.

Mjomba akashika mkanda wa kamera kwa vidole vyake vya uzee. Alikuwa na sura ya mtu aliyechoka siku nyingi na leo tu ameambiwa akae.

“Kivuli cha wavu kilikuwa kinamkata mama yako usoni,” akasema. “Kila nilipojaribu, kamba usoni. Nilisema waushushe kwa picha tatu tu, dakika tano. Baba yako alikataa. Mama yako akasema, mwache kaka yangu apate picha yake.” Akatazama juu, kwa yule mwembamba aliyeganda kwenye bembea. “Wavu ulikuwa unaharibu picha.”

Wageni wakapiga makofi, kwa heshima, wakiitazama familia ile kama unavyotazama mchezo mzuri.

Vidole vya msanii vilikuwa kwenye rimoti. Sijui alibonyeza kwa kutaka au kwa bahati mbaya. Spika zikatoa makofi mawili. Kwenye pazia, mama akaachia bembea.

Fundi Pazia alikuwa anatembea kuelekea kwa Mjomba. Mkasi ulikuwa bado mkononi, mdomo wazi, na macho yake yalikuwa kwenye ule mkanda wa kamera, au kwenye shingo iliyouvaa, hakuna aliyeweza kujua.

“Mwanangu!” baba akapiga kelele, yeye, mdakaji, aliyejua kuliko mtu yeyote ghalani kwamba baada ya makofi mawili haitwi mtu. “Mwanangu!”

Safari hii aliyeitwa hakugeuka.